"Upelelezi Bado Unaendelea"

Kuna sentensi moja ambayo nikiisikia tu damu inachemka. "Upelelezi bado unaendelea." Ukiisikia kwenye taarifa ya habari wala huishtukii, unaendelea na chai yako. Lakini muulize mtu aliyewahi kupeleka polisi kesi ya kubakwa, iwe yake, ya mdogo wake au ya binti yake, atakwambia tafsiri yake ya mtaani: hakuna anayefanya lolote, ukichoka nenda nyumbani.

Najua tumezoeana hapa kwa mambo ya uchumba, ndoa na wakwe. Hili nalo limo humo humo. Uchumba mmoja umekufa kwa ajili yake, na kuna ndoa moja hivi sasa inalijadili kila usiku watoto wakishalala.

Mimi kwetu ni Mbesa. Mtu wa Dar akiniuliza namjibu "Songea" ili tusisumbuane, maana nikisema Tunduru wengi wanauliza ndo wapi huko. Ukweli ni kwamba kutoka Songea mjini mpaka Tunduru ni zaidi ya kilomita 250, halafu unashuka kusini kuelekea mto Ruvuma ndipo unafika kwetu. Ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Watu wanalima korosho na mpunga, hospitali ya misheni inajulikana mbali, na sisi Wayao ukoo tunaufuata kwa mama, kwa hiyo mjomba ana sauti kwenye familia kuliko hata baba. Shika hilo la mjomba, tutalihitaji mbele.

Mwaka 2011 mtoto wa mama yangu mdogo alikuwa na miaka 20. Nitamwita mdogo wangu, kwa sababu ndivyo alivyo. Alikuwa amechumbiwa na mwalimu mmoja wa Songea, barua imeshajibiwa na sehemu ya mahari imeshatolewa. Usiku mmoja akirudi kutoka kwenye sherehe ya unyago wa majirani, kijana mmoja mnunuzi wa korosho, anayefahamika pale kijijini, alimfanyia unyama. Sitaeleza zaidi ya hapo, mwenyewe kaniomba. Ninachotaka ujue ni kwamba alipofika nyumbani alimwamsha mama yake na kumtaja yule kijana kwa jina lake. Usiku ule ule.

Kulipokucha walikwenda kwenye kituo kimoja cha polisi, jina kapuni. Mimi nilikuwa Dar, nikapata simu mchana, nikapanda basi la alfajiri kupitia Masasi. Enzi hizo lami ilikuwa haijafika Tunduru, ukisafiri ni vumbi mpaka kwenye kope. Nimefika siku ya tatu, na wakati huo mambo mengi yalikuwa yameshaharibika.

Kwanza kaunta. Mdogo wangu alisimulia akiwa amesimama, mbele ya mzee aliyeibiwa baiskeli, walevi wawili na mgambo aliyekuwa anakula mihogo. Afande akamwambia aongeze sauti. Halafu likaja swali: "Huyo mtu mnafahamiana?" Akajibu ndiyo, tunamfahamu. "Aaah. Basi ni mpenzi wako, mmegombana."

Hebu tulia hapo na mimi kidogo. Ukiibiwa kuku na ukamjua mwizi, polisi wanafurahi, kazi imekuwa rahisi. Ukibakwa na mtu unayemjua, kule kumjua kunakuwa ushahidi dhidi yako! Wakati wanaobakwa wengi wanabakwa na watu wanaowajua: jirani, mpenzi wa zamani, ndugu, mwalimu, bosi. Kwa hiyo kwenye kesi nyingi upelelezi hauna haja hata ya kumtafuta mtuhumiwa ni nani. Kilichobaki ni kuandika maelezo vizuri, kumpeleka mtu hospitali haraka, kutunza nguo, na kumhoji mtuhumiwa kwa bidii ile ile aliyohojiwa msichana. Hilo la mwisho ndilo adimu. Mdogo wangu alihojiwa mara nne. Kijana, kwa ninavyojua, hajahojiwa mpaka leo.

Pili ni PF3. Hii ni fomu namba tatu ya polisi, ile ambayo daktari anaijaza baada ya kukupima. Siku ile fomu ilikuwepo, ila aliyekuwa na muhuri ametoka. Wakakaa kwenye benchi kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Kusema ukweli, ukitaka kuua kesi ya aina hii huna haja ya kula rushwa. Chukua muhuri utoke nao. Mwili hausubiri. Dawa za kuzuia maambukizi ya Ukimwi zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndo bora. Za kuzuia mimba ndani ya siku 5. Na alama ambazo daktari angeziona asubuhi, kesho yake zinaanza kupotea. Mwongozo wa huduma za afya unataka mtu atibiwe kwanza, fomu ifuate. Lakini nenda vijijini uone ni wangapi wanaolijua hilo.

Namshukuru Mungu muuguzi aliyempokea alikuwa na moyo. Alimpa dawa, akamwandika kwenye rejista, akamshika mkono. Kwa upande wa afya mdogo wangu alitoka salama, na watoto wake wawili ni mashahidi.

Tatu, nguo. Kanga na gauni alizovaa zilipokelewa kituoni zikiwa kwenye mfuko wa rambo, ile mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku mwaka 2019. Nguo yenye unyevu ukiifungia kwenye plastiki inaota ukungu, na huo ndo mwisho wa alichoacha mhalifu. Nguo kama hizo zinatunzwa kwenye bahasha ya kaki au zinafungwa kwenye karatasi. Siyo elimu ya chuo kikuu hiyo. Nilipoziulizia, niliambiwa zitapelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, Dar es Salaam. Mimi ndiye niliyekuwa natoka Dar, nikaona kabisa kwa macho yangu safari ilivyo. Nikajua haziendi.

Halafu mafuta. Wadada, hii wengi wenu mnaifahamu. Gari la polisi lipo, limeegeshwa kivulini, ila halina mafuta. Mama mdogo akauza madebe mawili ya mpunga na kuku wake, tukanunua lita 20. Walipofika kwa yule kijana, alikuwa ameshavuka Ruvuma siku iliyotangulia. Mtu alikuwa na siku tatu nzima za kufunga begi!

Msimu wa korosho ulipofika alirudi. Watu walimwona sokoni, ananunua mzigo kama kawaida. Mama mdogo akakimbilia kituoni. Yule afande mwenye jalada alikuwa amehamishwa. Aliyekuja akafungua kabati, akafunga, akasema: "Mama, jalada lipo, upelelezi bado unaendelea." Basi. Mwaka uliofuata, jibu lile lile, kutoka kwa afande wa tatu.

Sasa watu wengi wakisikia habari kama hii wanakimbilia kusema "rushwa". Inawezekana ilikuwepo, mimi sikuiona. Nilichokiona ni kitu cha kawaida zaidi: hakuna mtu aliyekuwa anaulizwa kuhusu lile jalada. Mauaji yakitokea, wilaya nzima inauliza. Benki ikivunjwa, mkuu wa polisi wa mkoa anapigiwa simu kutoka juu. Jalada la mdogo wangu lilikuwa na mtu mmoja tu wa kuliulizia, naye ni mama wa kijijini anayetembea kwa miguu, na siku akikaa kimya kila mtu anapumua.

Na wapo waliotaka akae kimya. Ndo tunarudi kwa wajomba. Walikaa kikao, wa kwetu na wa upande wa kijana, chini ya mkorosho. Ikaja hoja kwamba yamalizwe kifamilia: shilingi 300,000, mbuzi mmoja, na kijana aombe radhi. Mjomba wangu mkubwa siyo mtu mbaya, naomba nieleweke. Yeye aliona anaokoa heshima ya binti kabla mji mzima haujajua. Tena kulikuwa na ile hoja ya miaka 30. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, ile inayoitwa SOSPA, mbakaji akitiwa hatiani kifungo hakipungui miaka 30, na kwa mtoto chini ya miaka 10 ni maisha. Sheria imekusudia kutisha, sawa. Ila kijijini nimeona inavyofanya kazi kinyume: wazee wakiitamka "miaka 30" wanamwona mtoto wa fulani anazeekea gerezani, basi huruma yote inahamia kwake, na msichana anaonekana ndiye mwenye roho mbaya. Mama mdogo alikataa ile hela. Wajomba wakanuna, na mashahidi wawili waliokuwa wametoka naye kwenye unyago ghafla wakawa hawakumbuki vizuri.

Mchumba? Alituma meseji. Siyo kupiga simu, meseji. Iliandikwa kwamba anamwonea huruma sana ila "nyumbani hawawezi kuelewa". Mwalimu wa watoto wa watu huyo!

Nimekuwa nikisoma sana juu ya haya mambo tangu wakati ule, mpaka marafiki zangu wananitania naitwa wakili wa kujitegemea. Nikakuta kwamba hatuko peke yetu wala siyo suala la umaskini tu. Kule Detroit, Marekani, mwaka 2009 zilikutwa kwenye ghala la polisi sampuli za kesi za ubakaji zaidi ya 11,000 zilizokuwa zimekaa tu bila kushughulikiwa. Mafuta ya gari wanayo, maabara wanazo. Waliokosekana ni watu wa kuuliza.

Lakini hadithi iliyonipa nguvu iko karibu zaidi, kwa jirani zetu Kenya. Kule Meru kulikuwa na watoto wa kike waliobakwa, wakapelekwa polisi, na polisi hawakufanya la maana. Shirika la Ripples International lililokuwa linawahifadhi likaungana na watoto 11 kwenda Mahakama Kuu, siyo kuwashitaki wabakaji, bali polisi wenyewe kwa kutokuchunguza. Watu wakaiita kesi ya wasichana 160. Mei 27, 2013 jaji akasema kwamba polisi walishindwa kufanya upelelezi wa haraka na wa kitaalamu, kwamba kushindwa huko kumevunja haki za wale watoto zilizoandikwa kwenye katiba, na kwamba kwa uzembe huo polisi wamechangia kuifanya jamii ione kubaka mtoto ni jambo la kuvumilika. Akaamuru kesi zao zichunguzwe upya. Nilipoisoma nilikuwa kwenye daladala ya Mwenge, nikapitiliza kituo.

Kwetu nako, mwaka 2024 tumeona kitu ambacho sijui nikiite nini. Agosti ile video ya binti akifanyiwa ukatili na kundi la wanaume ilisambaa kwenye simu za watu nchi nzima. Kamanda wa polisi wa mkoa wa Dodoma akanukuliwa akimzungumzia kama mtu aliyekuwa anajiuza. Watu wakachachamaa, kamanda akaondolewa kwenye nafasi hiyo, watuhumiwa wakafikishwa mahakamani mwezi huo huo, na Septemba 30, 2024 wanne wakahukumiwa kifungo cha maisha. Kama wiki sita hivi, upelelezi umekwisha, mashahidi wamesikilizwa, hukumu imetoka. Kwa hiyo inawezekana! Polisi ni wale wale, sheria ni ile ile, na PF3 ni ile ile. Tofauti ni kwamba safari hii nchi nzima ilikuwa inauliza. Sasa niambie, Mbesa usiku wa unyago nani alikuwa na kamera? Na nani anataka mwanawe awe na video ndipo asikilizwe?

Siku ya hukumu ile mdogo wangu alinipigia simu. Anaishi Songea mjini siku hizi, ameolewa, mume ana duka la pembejeo. Hakusalimia. Aliuliza: "Dada, hivi ile yangu bado ipo?"

Nilimtafutia wakili wa msaada wa kisheria, mama mmoja mpole asiyepamba maneno. Akatuambia jinai haina kikomo cha muda, jalada linaweza kufufuliwa. Akatuambia pia mambo mengine ambayo wewe msomaji nakuomba uyashike. Mahakama zetu zinahesabu ushahidi wa aliyebakwa kuwa ndio wa kwanza na wa thamani kuliko wote. Mahakama ya Rufani imelisema hilo waziwazi kwenye kesi ya Selemani Makumba na inalirudia mpaka leo. Mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli, inaweza kumtia mtu hatiani kwa maneno yake peke yake. Sheria haitaki uwe na majeraha kuonyesha kwamba hukuridhia. Na kumtaja mhusika mapema, kama mdogo wangu alivyomtaja usiku ule kwa mama yake, kunahesabika sana. Tatizo, akasema wakili, ni kwamba kesi nyingi zinaangukia kwenye makaratasi: tarehe kwenye hati ya mashitaka haifanani na ya ushahidi, kifungu kimekosewa, umri wa mtoto haukuthibitishwa, PF3 inaondolewa kwenye kumbukumbu kwa sababu mshitakiwa hakuambiwa kwamba ana haki ya kumwita daktari aliyeijaza. Mtu anashinda rufani siyo kwa kuwa ni malaika, ni kwa kuwa kuna mtu hakuandika vizuri.

Halafu akauliza yule mama aliyeamshwa usiku yuko wapi.

Mama mdogo alifariki mwaka 2019.

Kimya chetu kile wakili alikielewa. Hiyo ndiyo "upelelezi unaendelea" inavyofanya kazi ikiachwa miaka minane, kumi: haihitaji mtu kuifunga kesi, mashahidi wanazikwa wenyewe.

Shemeji yangu mwanzoni hakutaka. Mdogo wangu alimweleza yote kabla ya ndoa, na yeye hakutuma meseji kama yule mwingine, alipanda basi akaja kwetu kumwona mama mdogo. Kwa hiyo siwezi kumweka kundi moja na wanaume wa "nyumbani hawataelewa". Hofu yake ni nyingine. "Dada," aliniambia, "watoto wako shule. Mji wenyewe huu mdogo. Halafu atakaa tena kwenye kaunta aulizwe yale yale?" Sikuwa na jibu la kumdanganya. Siku hizi yapo madawati ya jinsia na watoto, vituo vingi nchini vinayo, unaweza kuingizwa chumbani ukazungumza na askari wa kike aliyefundishwa. Yakifanya kazi yanafanya kazi kweli, nimeshampeleka dada mmoja wa ofisini kwetu hapa Dar na nilitoka nikiwa nimefarijika. Lakini yule askari akihamishwa, au siku hiyo yuko likizo, unarudi kwenye kaunta.

Basi walibishana mwezi mzima. Yeye anasema nataka umalize, wewe unataka uanze. Mke anasema mimi sijawahi kumaliza, wewe ndo unaona nimemaliza kwa sababu nacheka. Hapo shemeji alinyamaza, alivyonisimulia mwenyewe.

Wanandoa mnaosoma hii, kama kuna siku itawakuta, Mungu aepushe, mambo machache. Asioge kwanza, hata kama ndicho kitu pekee anachokitaka duniani. Nguo ziwekwe kwenye karatasi. Muende wawili au watatu, na mmoja aandike: jina la afande, saa, namba ya RB. Piga nakala ya PF3 kabla hujairudisha. Omba dawati la jinsia kwa jina, usisubiri kupelekwa. Mkiambiwa upelelezi unaendelea, ulizeni nani anauendeleza na jalada liko wapi, kituoni au kwa waendesha mashitaka, kisha mrudi wiki inayofuata mkaulize tena. Wasaidizi wa kisheria wapo mpaka vijijini na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua. Kama aliyeumizwa ni mtoto, simu ya 116 ni ya bure.

Mdogo wangu namba ya RB anayo. Mama yake aliiandika nyuma ya kadi ya kliniki, na kadi ile haikutupwa. Tarehe zipo, na rejista ya hospitali ya mwaka ule nimeambiwa inaweza kutafutwa. Mashahidi wawili wa unyago, mmoja amehamia Masasi, mwingine yupo, na huyo aliyepo safari hii amesema anakumbuka.

Wanakwenda mwezi ujao, duka likipungua wateja. Shemeji alisema yeye atasubiri nje, mambo ya kike hayo. Mdogo wangu akamwambia hapana, utaingia, utakaa kiti cha pembeni yangu, na wewe ndiye utakayeandika.